Usiupande, Ufunge

Mmea unaokufa zaidi katika matangi ya samaki ya mji huu hauuawi kwa kunyimwa kitu. Unauawa kwa kupandwa. Mtu amenunua anubiasi yake, majani mazito ya kijani iliyokolea, bei yake si ya mchezo. Anafika nyumbani, anachimba shimo kwenye changarawe, anaufukia mmea mpaka shingoni na kuupapasa ukae sawa. Wiki mbili tatu mambo shwari. Kisha majani yanaanza kuchomoka moja moja, yakiwa bado mabichi, yanaelea juu ya maji. Akivuta kilichobaki anakutana na kitu laini cha kahawia chenye harufu ya mtaro. Hapo ndipo simu inapopigwa.

"Fundi, ule mmea wako umekufa."

"Uliufukia?"

"Sasa ningeuwekaje, mama?"

Mimi ni fundi cherehani. Nina meza yangu Ngamiani, hapa Tanga, na riziki yangu ya kila siku ni sare za shule, madera na suruali za kupunguzwa kiuno. Mambo ya matangi yalinijia baadaye, kupitia mteja mwenye nyumba ya wageni aliyetaka tangi la mapokezi lipendeze akakosa mtu wa kulishughulikia. Sasa nahudumia hilo, la chumba cha kusubiria cha daktari wa meno, na mengine ya majumbani kule Raskazone. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue naongea nikiwa wapi: kushikiza mmea kwenye kisiki ni kazi ya uzi, na uzi naujua.

Kwanza tuelewane kuhusu mmea wenyewe. Kwa mtu wa tangi, mimea ya majini iko ya namna mbili. Kuna inayokula kwa mizizi, hiyo inataka udongo na ukiinyima inadumaa. Na kuna ile ambayo hata porini haikai udongoni. Huko Nigeria, Kamerun na Gaboni, anubiasi huota kando ya vijito vya msituni, imeng'ang'ania mawe, mizizi ya miti na magogo yaliyoanguka. Maji yakijaa inazama, yakipungua inabaki nje, na maisha yanaendelea. Heinrich Wilhelm Schott, mtaalamu wa mimea wa Austria, ndiye aliyeipa jina hilo mwaka 1857. Ni ukoo mmoja na magimbi yetu. Aliyewahi kula gimbi lisiloiva akawashwa koo ameshaonja silaha ya ukoo huo, vijisindano vya kalisiamu oksaleti vilivyojificha ndani ya mmea. Ongeza na ugumu wa jani la anubiasi, utaelewa kwa nini samaki wengi wenye tabia ya kula majani huiacha ilivyo.

Utazame mmea kwa karibu kabla hujashika uzi. Majani yote yanatoka kwenye kitu kinene kinacholala, chenye umbo la kipande chembamba cha tangawizi, ila ni cha kijani. Watu hudhani ni mzizi. Ni shina. Mizizi ya kweli ni ile myembamba inayoshuka chini yake. Shina ndilo lenye akiba ya mmea, na ndilo linalosafiri: linasonga mbele polepole mno, likitoa jani jipya kwenye ncha na kuacha makovu ya majani ya zamani nyuma yake. Linataka maji yapite pande zote. Ukilifukia, maji yanatuama, oksijeni inakwisha, bakteria wa uozo wanaingia, shina linalainika, na jani ambalo lenyewe halina ugonjwa linakosa pa kushikilia. Ndilo lile jani bichi linaloelea na kumchanganya mwenye tangi.

Mbona basi haufi njaa pale juu ya gogo? Kwa sababu chakula chake kinakuja na maji. Kinyesi cha samaki huchakatwa na bakteria waishio kwenye chujio na changarawe kikawa naitreti, mmea ukaichukua, pamoja na potasiamu na chembe za chuma zilizomo majini. Kisiki hakiulishi chochote. Ni mahali pa kushika tu.

Sisi watu wa Tanga tabia hii hatuhitaji kuifuata mbali. Lile ua dogo la zambarau linalouzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani asili yake ni milima yetu ya Usambara. Mjerumani aliyekuwa mtawala huku, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka kwao mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la kitaalamu kwa heshima yake, Saintpaulia. Kwao kwenyewe, ua hilo mara nyingi utalikuta kwenye uso wa jabali lenye kivuli na unyevu, penye udongo kiduchu wa kujaza kijiko. Si mmea wa majini, lakini mwenendo ni ule ule.

Anubiasi ina wenzake. Kangaga la Java, kutoka Asia ya Kusini Mashariki, nalo lina shina la kulala na nalo huoza likifukiwa. Hili lina vituko viwili ambavyo kila mara huniletea maswali. Chini ya majani yake huota nukta za kahawia au nyeusi zilizopangika safu, na mwenye tangi hudhani ni ugonjwa akayakata yote. Ni mbegu zake za vumbi, kama ilivyo kwa makangaga ya porini. Na kwenye ncha ya jani kuukuu huchipua kangaga kichanga kamili, chenye mizizi yake, kikining'inia mpaka kidondoke. Kuna kangaga la Kiafrika pia, bolbitisi, linaloota kwenye mawe ya vijito kuanzia Senegal mpaka Ethiopia na kushuka hadi Afrika Kusini. Majani yake yana rangi ya kijani kama kioo cha chupa ukiyapitisha kwenye mwanga, nami nalipenda kuliko yote, ila linataka maji yanayokwenda na linachelewa kuzoea. Halafu iko mosi ya Java, ile ya nyuzinyuzi, ambayo haina mizizi ya kweli kabisa, hiyo tutaifikia.

Kisiki ndicho kinacholeta maneno kuliko mmea. Kila anayeishi karibu na bahari ana wazo moja: ashuke ufukweni, aokote gogo lililosuguliwa na mawimbi, alitie tangini. Gogo la ufukweni limelala kwenye chumvi kwa muda ambao hakuna aliyeuhesabu, na chumvi imeingia mpaka kiini. Mara nyingi lina matundu ya wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na ndani ya matundu mna mizoga yao. Laweza kusafishika, kwa kuliloweka maji ya bomba wiki nyingi huku ukiyabadilisha, lakini kazi yote hiyo ya nini na miti imejaa nchi kavu?

Mikoko ndiyo kabisa. Mzizi wa mkoko una umbo ambalo ungedhani limechongwa kwa ajili ya tangi, na tamaa yake naielewa. Ila misitu ya mikoko ni hifadhi, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), na kukata bila kibali ni kosa. Hata pasingekuwa na sheria, mzizi ule una kazi kubwa zaidi pale ulipo, penye makinda ya kamba na samaki, kuliko kwenye chumba cha watu wanaosubiri kung'olewa meno.

Mimi natumia mpera. Tanga haikosi mpera uliokauka uani kwa mtu, na mwenyewe hufurahi ukimwondolea. Mti wake ni mgumu, mzito, matawi yamejipinda yenyewe, na gome lake jembamba linabanduka kwa urahisi. Sharti uwe umekufa na kukauka kabisa. Tawi bichi lina utomvu na sukari, vyote vitaoza ndani ya tangi na kumaliza hewa ya samaki.

Miti mingine naikwepa. Misonobari ina ulimbo. Mwembe na mkorosho ina utomvu unaochoma ngozi ya mtu, sembuse samaki. Mnyaa na jamii yake, maziwa yake ni sumu. Asiyeamini kwamba mmea unaua samaki awaulize wazee kuhusu utupa, ule mti mdogo ambao majani yake yalikuwa yakitwangwa na kumwagwa mtoni ili samaki waelee. Ndani yake mna rotenoni, na uvuvi wa sumu leo ni marufuku. Kuna mteja aliwahi kuniletea kipande cha kinyago cha mpingo kilichovunjika, maana amesikia mpingo huzama. Ni kweli huzama. Lakini kinyago kimepakwa rangi ya viatu ili king'ae, na vumbi la mpingo huwasha ngozi na macho, wachongaji wenyewe watakuambia. Nikamshauri akirudishe kabatini. Huko kwenye maduka ya nje watu hununua mopane, mti wa kusini mwa Afrika, Namibia, Botswana, Zimbabwe na jirani zao, ambao nao huzama papo hapo. Ukiupata, mzuri, ila rangi unayoitoa majini haikwishi upesi.

Kisiki nakisugua kwa brashi ngumu na maji matupu. Sabuni hapana, maana hunywewa na mti ikaja kutoka siku samaki wapo. Kisha nakichemsha kwenye sufuria la shughuli, lile la pilau, saa moja au mbili. Namwaga maji yaliyogeuka kahawia, natia mengine, narudia. Kuchemsha kunaua vilivyomo na kunafukuza hewa iliyojificha kwenye mti, hivyo kisiki kinakubali kuzama mapema. Kikiwa kikubwa kuliko sufuria, pipa na uvumilivu vitafanya kazi hiyo polepole. Rangi inayotoka ni tanini. Inashusha pH kidogo, na samaki wa mito ya misituni hawaioni kuwa tatizo. Mwenye tangi ndiye anayeiona, kwa kuwa hataki wageni wadhani maji hayabadilishwi.

Kisiki kikigoma kuzama, nakishikiza chini kwenye kipande cha kigae kwa skrubu isiyoshika kutu, kisha nakifunika kigae kwa changarawe. Jiwe la matumbawe, ambalo pwani yetu imejaa nalo, silitumii hapo. Linatoa chokaa na kufanya maji kuwa magumu. Na siku za mwanzo usishtuke ukiona kisiki kimevaa utando mweupe unaoteleza. Ni bakteria na kuvu wanaokula sukari iliyobaki kwenye mti. Samaki hawadhuriki. Ufute kwa mswaki wa zamani unapobadilisha maji, utarudi, ufute tena, mpaka sukari iwaishie.

Sasa uzi.

Anayeanza huambiwa atumie uzi wa pamba, kwa sababu pamba huoza majini yenyewe baada ya wiki kadhaa, na kufikia hapo mizizi imeshika, hakuna haja ya kurudi na mkasi. Ushauri mzuri. Tabu ni kwamba uzi wa cherehani wa pamba tupu umekuwa adimu. Karibu koni zote zinazouzwa mjini leo ni za poliesta, kwa sababu ni imara na bei yake nafuu, na muuzaji naye uzi wowote usiong'aa anauita pamba.

"Uzi wa pamba upo?" namuuliza kijana wa dukani.

"Upo, mama. Huu hapa, pamba safi."

"Nipe kiberiti."

Nakata kipande cha urefu wa kidole, nakishika kwa kibano, nawasha ncha. Pamba inawaka kwa mwali wa njano, inanuka karatasi inayoungua, na inaacha majivu ya kijivu yanayopukutika ukiyasugua kati ya vidole. Poliesta haiendi hivyo. Inajikunja ikiukimbia moto, inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na mwisho inabaki shanga ndogo ngumu ambayo ukucha hauipondi. Ile iliyochanganywa inafanya yote mawili: inawaka, kisha inaacha majivu yenye chembe ngumu ndani. Nikiipata shanga namrudishia kijana uzi wake na kiberiti chake.

"Mama, wewe mkaguzi wa nini?"

"Wa samaki."

Poliesta nayo si haramu. Naitumia, hasa kwa bolbitisi ambayo mizizi yake inachelewa kushika. Inabidi tu ukumbuke kuikata, kwa maana haiozi: shina linanenepa, uzi uko pale pale, mwisho unalikata. Mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia, hauonekani majini na unafaa kwa mosi, lakini ncha usiiache ikielea samaki akaja kunasa. Watu hunitania, fundi wa Tanga unafungaje bila katani? Kamba ya mkonge ni nene, inakwaruza shina, na nyingi za kiwandani hutiwa mafuta wakati wa kusokotwa. Ibaki kufungia mizigo. Kuhusu rangi, nyeusi, kahawia au kijani iliyokolea hupotea kwenye kisiki. Uzi wa rangi ulowe kwanza kwenye maji ya moto ndani ya bakuli jeupe. Ukiona rangi inachuja, tafuta mwingine.

Kufunga kwenyewe kunafanyika nje ya maji, kisiki kikiwa kimelowa na chupa ya kunyunyizia iko karibu, kwa kuwa mizizi ikikauka imekufa. Mmea ukija kwenye kikapu kidogo cha plastiki, utakuta mizizi imezongwa na pamba ya mawe, ile ya kijivu au njano ya kwenye vitalu. Itoe yote, kwa kibano, chini ya maji yanayotiririka. Kipande kikibaki kinazuia maji pale pale unapotaka yapite. Mizizi mirefu ikate ibaki sentimita mbili tatu. Hiyo ya zamani hainyooki tena kufuata umbo la kisiki. Mipya ndiyo itakayokumbatia mti. Majani ya manjano yaondoe mapema.

Lilaze shina juu ya mti, usilikandamize ndani ya ufa. Ncha inayotoa jani jipya itazame upande unaotaka mmea uelekee, kwa sababu baadaye hautageuka kukufurahisha. Uzi uanzie kwenye mizizi, uizungushe pamoja na kisiki mara kadhaa, kisha upite juu ya shina mara mbili au tatu tu, katikati ya kikonyo na kikonyo, bila kubana jani hata moja. Hapa ndipo mikono ya wengi inapokosea, kwa kukaza. Mtu anavuta kana kwamba mmea una nia ya kutoroka. Kipimo changu ni hiki: ukikigeuza kisiki juu chini mmea usicheze, lakini ncha ya sindano ipenye chini ya uzi bila kulazimishwa. Fundo la mwisho lifiche upande wa chini, na ncha zake zikate fupi.

Mosi inafungwa kwa namna nyingine. Itandaze nyembamba sana, mpaka uone mti kwa chini yake. Ukiiweka nene inapendeza siku ile ile, halafu safu ya chini inakosa mwanga, inaoza, na zulia lote linang'oka na kuelea. Zungusha uzi mlalo kwa nafasi za nusu sentimita, kisha rudi kwa mshazari, kama unavyopiga bandi kitambaa kabla ya kukishona. Ikikua ikate kwa mkasi mara kwa mara, kila mkato unaifanya itoe matawi zaidi. Zima pampu kwanza, la sivyo vipande vitaota hadi ndani ya chujio.

Anayetaka kuona kazi hii imefikishwa wapi atafute picha za Takashi Amano, Mjapani wa Niigata, mwendesha baiskeli wa kulipwa aliyegeuka mpiga picha kisha bingwa wa kupanga mimea majini. Alifariki mwaka 2015, na mwaka huo huo kazi yake kubwa ilikuwa imefunguliwa kwenye Oceanário ya Lisbon, Ureno: tangi la urefu wa mita 40, lita 160,000, lenye visiki na mawe yaliyovikwa mimea. Kampuni aliyoiacha huuza uzi maalumu wa pamba wa kufungia mosi, ukiwa na jina lake na kifungashio chake. Nilipoona bei yake nilicheka peke yangu mbele ya cherehani.

Vijana wanapenda supagluu, wala siwalaumu. Gundi hii, sayanoakrileti, iligunduliwa na Harry Coover wa Kodak mwaka 1942 wakati wa vita, akitafuta plastiki angavu ya kutengenezea vifaa vya kulengea bunduki. Wakaiacha kwa sababu ilinata kwenye kila kitu, wakairudia miaka ya 1950, na mwaka 1958 ikaingia sokoni. Inagandishwa na unyevu, kwa hiyo maji hayaiharibu. Ikiingia tangini inageuka nyeupe, inakuwa plastiki ngumu, na samaki hawana habari nayo. Nunua ile nzito ya jeli, maana nyepesi inakimbia hadi kwenye majani na vidoleni. Futa sehemu ya kisiki kwa kitambaa, tia tone, bonyeza mizizi, shikilia kidogo, basi. Itie kwenye mizizi na sehemu moja tu ya chini ya shina. Ukilipaka shina lote umelifukia kwa njia nyingine.

Nina maneno mawili juu ya gundi hii kabla sijaiacha. La kwanza, usiikutanishe na pamba, iwe uzi au kitambaa. Zikikutana hupata joto ghafla, hata kutoa moshi, na joto hilo linaunguza kidole; anayetaka kufunga na kugundisha kwa pamoja atumie poliesta. La pili, ile gundi ya njano ya mafundi viatu isikaribie tangi. Ina viyeyusho, na harufu yake peke yake inatosha kukuambia. Kwa upande wangu, gundi naiweka kwa mawe madogo na vipande vya mosi ambavyo uzi hauwezi kuvikamata. Kisiki nakifunga. Uzi ukikosea unafunguka.

Mmea ukishaingia majini, uuweke penye kivuli. Anubiasi imezoea chini ya miti, inakua taratibu, na jani moja linakaa nayo muda mrefu sana. Ukiiweka chini ya taa kali inakuwa meza ya mwani: madoa ya kijani magumu, halafu vile vinyweleo vyeusi vinavyoota pembeni mwa jani na havifutiki. Kwenye tangi la nyumba ya wageni naiweka chini ya tawi la kisiki lenyewe, na taa inawashwa jioni wageni wanapoingia, siyo kutwa. Maji yapite juu yake kwa upole yasiache takataka kulala kwenye majani. Na usiujaribu mmea kwa kuuvuta kila siku uone kama umeshika. Kila unapouvuta unakata kile kizizi kilichoanza. Utakapokiona kizizi kipya kimetambaa juu ya mti kikifuata mikunjo yake, hapo umeshika.

Kuna mahali ambapo kisiki chenyewe hakifai. Daktari wa meno anafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, wale ambao Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa miongoni mwa waliowafanya wajulikane duniani kwa kuwasafirisha kutoka Bujumbura miaka ya 1970. Maji ya ziwa lile ni magumu, pH yake inakaribia 9, na kisiki kinachotoa tanini kinayavuta kinyume. Isitoshe samaki hawa ni wachimbaji. Dume akiamua kutengeneza kiota atahamisha changarawe punje kwa punje kwa mdomo usiku kucha, na mmea wowote uliopandwa chini asubuhi unaukuta darini. Kwake nimefunga anubiasi kwenye mawe, kwa uzi ule ule na fundo lile lile. Jiwe la mtoni lenye uso wa kukwaruza linashikwa vizuri kuliko hata mti. Jiwe laini la kung'aa mzizi unateleza. Daktari hupenda kuwaonyesha wagonjwa kwamba mimea yake haiwezi kung'olewa. Sijui kama inawaliwaza.

Unaponunua, libonyeze shina kwa kidole kabla ya kutoa hela. Liwe gumu pande zote. Likibonyea, au likiwa na doa la kahawia linalonuka, liache, hata kama majani yanametameta. Muuzaji atasema ni uchovu wa safari, na wewe mwambie utarudi ukishapumzika. Shina lililooza sehemu laweza kuokolewa ukilikata hadi penye kijani safi na weupe ndani, lakini usilipie bei ya mmea mzima kazi ya upasuaji.

Anubiasi iliyokaa vizuri baada ya mwaka na kitu hupita ukingo wa kisiki na kuning'inia hewani. Hapo naigawa. Wembe mpya, mkato mmoja kwenye shina, kila kipande kibaki na majani yasiyopungua manne. Kipande cha mbele kinaendelea na safari yake kama kwamba hakikuguswa. Cha nyuma, kilichopoteza ncha, kinakaa kimya kwa muda kisha kinatoa macho mapya ubavuni, mara nyingine mawili kwa pamoja, na mmea unakuwa mnene kuliko mwanzo. Ndivyo mmea mmoja wa nyumba ya wageni ulivyosambaa mpaka Raskazone. Vipande nikiwa navyo sivikatalii, huuzwa kwa bei ya kupunguza kiuno cha suruali moja. Anayekuja aje na kisiki chake, kikavu, kilichokwisha kuchemshwa, na kama ni cha mkoko akiache huko huko.